Bundi wa Ghala la Mkonge

Ninyi vijana mliopokea ghala baada yangu mlinikuta nimevaa viatu na ufunguo unaning'inia kiunoni, mkadhani nilizaliwa navyo. Nilifika shambani pekupeku kutoka Malolo, elimu yangu darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililiacha katikati kwa sababu mwalimu alihama na mimi sikuona haja ya kumfuata. Ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, au nimemganda mtu anayekijua mpaka akanipa ili anitoe mbele yake. Leo nikilipiga robota la mkonge kofi moja nakwambia kama limelowa katikati, na hapa Kilosa sijaona mwingine awezaye hivyo. Ila hayo ya mkonge mtayajua kwa kuyashika. Nimekaa kuandika habari za bundi, kwa kuwa ghala lile halitunziki kwa mtu asiyemjua bundi, na hakuna mwingine atakayewaeleza.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukata majani ya mkonge katika kiwanja cha zamani upande wa Rudewa, ambako nyasi zilikuwa zimeachwa mpaka zikafika kifuani. Siku hiyo hiyo ya kwanza, nimeinama na panga, kitu kahawia kwa juu na cheupe kwa chini kikaruka kutoka miguuni pangu bila sauti, kama gazeti linalochukuliwa na upepo. Wenzangu walitupa mapanga wakatimua mbio. Mimi nilibaki. Sisemi sikuogopa, lakini miiba ya mkonge ilikuwa imenishika kaptula. Ndivyo nilivyopata kumwona bundi wa nyasi na nyumba yake: njia inayopita chini ya nyasi kama handaki, na mwisho wake mayai meupe juu ya majani yaliyolazwa. Huyo hana habari na miti wala mapaa. Analala chini, anazaa chini, na ukimkanyaga kosa ni lako.

Habari zikafika kwa Mzee Sengo, mtunza ghala, kwamba yuko kijana hakukimbia. Akaniita. Alikuwa mtu wa Kidodi, mkavu, anayetafuna tumbaku na kusema maneno machache kana kwamba kila neno linakatwa kwenye posho yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyebaki?"

"Ndiye mimi."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Nilitaka kuona mayai."

"Muongo. Kaptula yako imechanika nyuma." Akatema tumbaku. "Lakini ulipokwama ulitazama. Wengi wakikwama wanafumba macho. Kesho njoo ghalani."

Nikaenda. Ghala mnalijua, ila enzi zile halikuwa na sakafu ya saruji. Upande mmoja yalipangwa marobota yaliyotoka kwenye mashine ya kushindilia, yakingoja treni. Upande wa pili yaliwekwa magunia ya posho ya wafanyakazi, unga na maharage. Panya walikuwa wameshajua pa kula na pa kulala. Mchana walishinda ndani ya singa laini za mkonge, jioni wakavuka kwenda kwenye unga. Walikata kamba za marobota, robota likafumuka kama godoro bovu, likarudishwa kushindiliwa upya. Walitoboa magunia, unga ukanuka mkojo, na watu wakaupokea hivyo hivyo kwa kuwa hakukuwa na mwingine.

Kazi yangu ya kwanza ndani ya ghala ilikuwa kufagia chini ya boriti moja pembeni. Palikuwa na vitonge vyeusi, vinang'aa, ukubwa wa kidole gumba.

"Mzee, hii ni mavi ya mnyama gani?"

"Siyo mavi. Ni matapishi. Fungua."

"Kwa mkono?"

"Kwa mguu utaweza?"

Nikafungua juu ya gunia. Ndani manyoya, mifupa membamba kama sindano, na mafuvu ya panya yamekamilika na meno yao ya njano. Mzee Sengo akanionyesha juu. Pale kwenye boriti alisimama bundi wa ghala, uso mweupe umechongwa kama moyo wa karatasi, macho meusi, miguu mirefu, anatutazama kwa kuyumba taratibu kama mtu anayekaribia kuamua jambo.

"Anammeza panya mzima," akasema. "Kinachofaa anakibakiza, kisichofaa anakirudisha. Mimi nyapara wetu namjua miaka mingi na hajaweza hivyo."

Basi huyo ndiye niliyemsoma. Halii "huu" kama watu wanavyomsingizia. Anatoa mlio wa kaniki inayopasuliwa, na ukimsogelea anakoroma kwa ghadhabu kama birika. Hajengi kiota, anataga juu ya mbao tupu na matapishi yake mwenyewe. Jike analalia, dume analeta panya. Mayai hayaanguliwi siku moja, kwa hiyo makinda yake ukiyaona yamesimama ni kama watoto wa nyumba moja waliopangwa kupiga picha, mkubwa mpaka mdogo. Niliwahi kumwokota mmoja aliyekufa, nikatenganisha manyoya ya uso, nikakuta tundu la sikio moja liko juu kuliko la pili. Nikafikiri, nikajaribu mwenyewe kwa kuinamisha kichwa na kusikiliza panya kwenye magunia, na kweli, unapata kujua sauti iko juu au chini. Hilo sikufundishwa na mtu. Na bawa lake ukilipitisha shavuni, ukingo wa unyoya una matamvua laini kama ya shali. Ndiyo maana haruki kwa kelele.

Mzee Sengo hakutaka niwe mtu wa bundi mmoja. Alipokwenda kwao msibani alinichukua, na jioni akanipeleka kwenye Ruaha, mahali alipokuwa akivua ujanani. Tulikaa kwenye mizizi ya mti unaoinamia maji. Bundi wa pale ni mkubwa, rangi ya kutu, kichwa cha mviringo, na miguu yake haina manyoya, kwa sababu anaitumbukiza majini kukamata samaki. Alipopita juu yetu nilisikia mabawa yake wazi kabisa.

"Mbona huyu anapiga kelele?" nikauliza.

"Amfiche nani? Samaki ana masikio ya kusikia hewani?"

Kisha kwa mbali ukasikika ukelele wake wa kushuka, kama mwanamke anayeanguka kisimani. Mzee Sengo akaniambia kwamba mama yake alimkataza kuvua sehemu ile kwa sababu ya sauti hiyo, na hapo ndipo palipokuwa na samaki wengi kuliko pote. Akacheka kidogo. Ni mara chache nilimwona akicheka.

Mikumi nilikwenda na lori kutafuta magogo ya kuegemeza paa. Huko nikamwona bundi mkubwa kuliko wote, wa kijivu, amekaa mgungani mchana kweupe. Alipofumba macho nikashtuka: kope zake ni za waridi, kana kwamba amepakwa rangi kwenda harusini. Anakoroma kwa sauti nzito hata dereva wetu akapandisha kioo akidhani ni simba. Huyo anakula kalunguyeye, yule mdogo anayejikunja, na anamvua ngozi yenye miiba kama mtu anayemenya chungwa. Huko huko yuko kijibundi mdogo kama ngumi, mwenye madoa, ambaye kisogoni ana alama mbili nyeusi mfano wa macho. Ukimzunguka nyuma bado unaona anakutazama. Anawinda hata mchana na anapiga mluzi unaopanda juu. Dereva alimrushia jiwe kwa kuudhika tu. Nikamwambia, "Unamtupia mawe ndege kwa sababu ana macho mengi kuliko wewe?" Hatukusemeshana mpaka Kilosa.

Habari za nani alinipandisha na lini hazina ladha. Mzee Sengo alichoka akarudi kwao, ufunguo ukabaki kwangu. Wakati huo nilikuwa nimeoa. Mke wangu Tatu alikuwa binti wa Rudewa, mwenye maneno. Mimba yake ya kwanza ilitoka, na sasa alikuwa na ya pili, nasi hatukuwa tukiitaja kwa sauti.

Hapo ndipo kisa chenyewe kilipoanza.

Kiongozi wa wabeba marobota alikuwa Matei, Mngoni, mtu wa nguvu na mzaha. Kila asubuhi aliniuliza mbele ya watu, "Shemeji yako wa darini ameamkaje?" Nami nikamjibu, "Ameamka salama, anakuulizia wewe, amesikia una nyama." Lakini Matei mwenyewe hakuingia ghalani kupita pale boriti ilipo. Robota la pembe ile aliwaachia wengine. Na mtoto wake Paskali alipopatwa na homa, na bundi akawa anapita kila magharibi juu ya kambi akipasua kaniki yake, mzaha ukaisha.

Kwetu Malolo bundi akilia karibu na nyumba tulitia chumvi motoni. Kwao Matei wanamrushia kijinga cha moto. Msituni huko kijinga kinaanguka kwenye majani mabichi, kinazimika, basi. Matei hakufikiri yuko wapi. Magharibi moja bundi alipotua kwenye tundu la ukuta wa ghala, Matei akachomoa kijinga jikoni kwa mkewe, akakirusha. Kikampita bundi, kikaangukia chini ya mapaa, palipojaa vumbi la singa.

Mkonge mkavu hauungui kama kuni. Unaungua kama unaokasirika. Nilikuwa nafunga mlango. Niliruka na gunia lililolowa, nikalala juu ya moto kwa kifua changu, viganja vikaungua, na kama ningechelewa kidogo mngekuwa mnafanya kazi shamba lingine. Matei ndiye aliyeleta ndoo. Tulipouzima tulikaa chini tunatazamana, tumekuwa weusi kama sufuria.

"Bwana Ramadhani," akasema, "mwanangu anakufa."

"Mpeleke Kilosa hospitali. Lori linaondoka alfajiri, mimi nitasema na dereva."

Akampeleka. Paskali akapona. Na Matei akarudi na hakika moja tu, kwamba kilichomponya mtoto ni kile kijinga.

Hapo mnaona mkasa. Kambi nzima sasa ilikuwa na dawa ya homa, na dawa yenyewe ni kurusha moto kwenye ghala langu. Bwana Meneja naye alikuja na bunduki begani, ananusa ukuta ulioungua.

"Nani ametupa moto?"

"Nitamshughulikia mwenyewe, Bwana."

"Wewe unafuga ndege katika ghala yangu. Piga ndege, ziba tundu, kwisha maneno."

Nikamwambia akimpiga bundi, awalipe panya mshahara, maana ndio watakaokuwa wenye ghala. Nikamwambia anipe mpaka masika yaishe. Moto ukitupwa tena, au kamba ikikatwa tena, mimi mwenyewe nitaondoka na ufunguo nitauacha mezani kwake. Alinitazama viganja vilivyofungwa vitambaa. Akasema, "Mpaka masika." Hakuna mwingine pale shambani angeweza kusema naye hivyo akatoka amesimama.

Sasa wafanyakazi. Kuwahutubia nisingepata kitu. Mtu hamwamini anayesema bundi hana ubaya halafu jioni anakwenda kulala mbali naye. Pembeni ya ghala palikuwa na chumba cha kuwekea kamba, na ukuta wake haufiki juu, wala hakina dari. Ukilala unatazamana na boriti. Nikaamua nihamie hapo, mimi na Tatu na ile mimba. Atakayeona tumedhurika, basi, achome. Atakayeona hatukudhurika, anyamaze. Nikawatangazia siku ya kugawa posho, kila mtu akasikia.

Nilipofika nyumbani Tatu alikuwa ameshasikia.

"Nasikia nimehama," akasema, anachagua mchele.

"Mke wangu, sikiliza."

"Nimesikiliza. Kambi yote imesikiliza. Mimi peke yangu ndiye sikuwepo."

"Ni kwa ajili ya kazi."

"Tumbo hili ni la kazi? Lile la kwanza lilitoka tukiwa hapa hapa, hakuna bundi wala shemeji yake. Wakati ule nani alihamishwa?"

Akachagua mchele mpaka ukaisha, akaumwaga, akaanza upya. Kisha akasema, "Nitahamia. Siyo kwa ajili ya ghala. Nimechoka kuambiwa lile la kwanza lililiwa na ndege, wanawake wananiambia kisimani. Lakini mkunga wangu Bi Mgeni atakuja kukaa nami, na siku nikisema hospitali, ni hospitali. Usiniambie habari ya kujionyesha."

Tukahamia. Bi Mgeni, mkunga wa Rudewa, alikuja na mkeka wake, akamtazama bundi, bundi akamtazama. "Huyu mzee mwenzangu," akasema, "naye halali." Jike wakati huo lilikuwa limelalia. Tatu alianza kwa kujifunika uso, baadaye akawa anawajua. Dume likichelewa na panya aliniambia, "Mwenzako leo amepitia pombeni." Wanawake wa kambi walikuwa wakija na visingizio, kuazima chungio, kuazima chumvi, kumbe wanataka kuona kama tumbo bado lipo. Lilikuwepo, tena linapanda. Kijinga hakikurushwa tena. Wote walikuwa wanangoja.

Masika yakaja kwa nguvu. Mto Mkondoa ukafurika na barabara ya Kilosa ikawa tope tupu. Asubuhi moja Tatu akashikwa na uchungu, na Bi Mgeni alipompapasa akatoka nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mtoto amekaa vibaya. Mimi siwezi. Mpeleke."

Lori lilikuwa limezama mpaka ekseli tangu jana yake. Nilisimama uani mvua inaninyeshea, na wabeba marobota wote wapo, wamejikinga chini ya mapaa, wananitazama. Walikuwa wanajua. Nikaona nyusoni mwao kwamba hesabu imefika.

Matei akaja kwangu. Nilidhani atasema neno kuhusu bundi, na nilikuwa tayari kumpiga. Akasema, "Toroli la marobota. Reli ndogo ipo juu ya maji mpaka stesheni ya Kilosa. Tutalisukuma."

"Utaingia ndani kumbeba?"

Akatazama mlango. "Mtoe wewe mpaka mlangoni," akasema. "Kutoka mlangoni ni kwangu."

Tulimlaza juu ya singa mpya, turubai juu yake, Bi Mgeni kando yake. Wale watu walisukuma kama siku ya treni ya mwisho, wanaimba wimbo wao wa kubebea marobota kwa sauti ya chini ili wapate mwendo mmoja. Tulikwenda katikati ya mkonge, safu hadi safu, maji yanapita chini ya reli. Mahali reli inapokata kona kwa nguvu toroli likayumba vibaya, Tatu akapiga ukelele, Bi Mgeni akasema, "Simamisheni. Amegeuka huyu. Simamisheni, mgeuke wote mtazame mkonge."

Tukageuka, wanaume wazima wamesimama mvuani wanatazama mkonge. Nilikuwa nimeshika miiba kwa viganja vyangu vyenye makovu na sikuhisi kitu. Halafu tukasikia mtoto.

Alikuwa wa kike. Hospitali ya Kilosa walimtazama yeye na mama yake, wakasema wote wazima, wakawaweka mpaka maji yapungue.

Mnadhani mashindano yalikuwa yamekwisha. Hayakwisha. Kambini kila mtu alikuwa na hukumu yake. Nilisema mama amekaa chini ya bundi na mtoto amezaliwa salama, basi. Wengine wakasema mtoto alikataa kugeuka mpaka alipotolewa kwa bundi, basi. Matei mwenyewe alisema, "Bwana Ramadhani, sikuudhi. Lakini alizaliwa kwenye kona, siyo ghalani." Nilipiga kelele mpaka nikakauka koo, na niliona wazi kwamba sitashinda, na kwamba masika yanakwisha.

Siku ya kumrudisha Tatu tulitumia toroli lile lile. Tulipofika kambini wanawake walikuwa wamefagia nyumba yetu ya zamani, wameweka maji, moto umewashwa. Walifanya kwa wema. Mmoja akanyoosha mikono ampokee mtoto. "Karibu nyumbani, mwenzetu. Umekwisha mtihani."

Tatu hakushuka. Akauliza, "Vitu vyangu viko wapi?"

"Bado viko ghalani, tutakuletea."

"Basi mbona mnanishusha hapa? Nyumbani kwangu ni pale."

Nilitaka kumwambia si lazima, kwamba amekwisha kunisaidia vya kutosha. Alinitazama mara moja, nikasukuma toroli kwenda ghalani. Watu wakatufuata mpaka uani. Juu kwenye tundu la ukuta makinda yalikuwa yametoka kusimama, mkubwa mpaka mdogo, yanakoroma. Tatu akashuka polepole, bado alikuwa dhaifu, akashika ukuta. Kisha akamgeukia Matei.

"Kaka, siwezi kumbeba na kupanda kizingiti. Niingizie mtoto."

Matei aliniangalia, akaangalia wenzake. Akavua kofia yake, akamkabidhi Paskali aliyekuwa amesimama karibu yake. Akampokea binti yangu kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyepewa kitu cha moto, akainama mlangoni, akaingia naye mpaka ndani, akapita chini ya boriti, na sisi tuliobaki nje tukasikia akiuliza, "Nimlaze upande gani?"